Karatasi Imenitangulia

Mvua ya mawe ilipita Jumanne, saa kumi alasiri,
dakika kumi na moja tu, wanasema,
mawe ukubwa wa mayai ya kanga.
Mimi nimefika Ijumaa, Kaunti ya Colfax, Nebraska,
na buti, na kanda ya kupimia,
na mpakato niliouviringishia mfuko wa nailoni.

Kazi yangu ni kuhesabu kilichokufa.
Nahesabu mabua yaliyosimama, mabua yaliyolala,
nagawanya, nazidisha,
na kampuni kule Omaha inataka jibu
kabla ofisi haijafungwa.

Zamani, na sisemi zamani za kale, nasema miaka mitatu nyuma,
nilirudi moteli na daftari lenye matope,
nikachapa usiku, nikamwomba karani wa mapokezi faksi yake,
dola moja kwa ukurasa,
naye akisoma kila mstari kabla ya kuupitisha,
midomo ikimchezacheza.
Mkulima alipata barua wiki ya pili.
Yaani alikuwa na wiki mbili za kutumaini.
Wakati ule sikuliona hilo kuwa ni kitu.

Sasa kuna printa, haizidi mkate wa boflo.
Inakaa kiti cha abiria, nimeifunga mkanda kama mtoto.
Nabonyeza huku shambani, inakohoa kule garini.
Kati yetu hakuna waya. Upepo tu.

Delmar Vrbka alisema atanisubiri kwenye gari,
akanionyesha goti lake.
Nikamwambia maji yako kiti cha nyuma.

Bua la mahindi machanga hupasuliwa kwa kisu, katikati.
Moyo wake ukiwa mweupe, litaota tena.
Nilipasua arobaini.
Kahawia. Kahawia. Kahawia.
Moja jeupe, nikafurahi kama mjinga.

Nina maneno yangu kwa siku kama hizi.
Huanza na hali ya hewa, naulizia watoto,
navua kofia, na hapo ndipo naitaja namba,
polepole, kama mtu anayeteremsha sanduku zito
lisimwangukie mwenzake vidoleni.

Nikajaza kisanduku cha mwisho.
Hasara, tisini na tatu kwa mia.
Malipo, nusu yake,
maana mwaka huu alipunguza bima anunue pampu.
Kidole kikabonyeza kwa mazoea.
Faksi, Omaha: imepokelewa.
Printa: ukurasa mmoja kati ya mmoja.

Nikainua kichwa.
Gari lilikuwa mbali, jekundu, dogo kama kibiriti,
mlango wa abiria wazi.
Nikatembea. Kisha nikakimbia,
tope likinivuta buti kila hatua,
kana kwamba jambo lililokwisha kufika
mtu anaweza kuliwahi.

Nilimkuta ameketi, karatasi mapajani.
"Ina uvuguvugu," alisema, "kama shati lililotoka kwenye pasi."
Hakuuliza namba. Hakutaja pampu.
Aliweka kidole juu ya jina lake.
"Mmekosea hapa. Vrbka haina e.
Kila mtu hututilia e."
Nikasema nitarekebisha.
Akasema, rekebisha.

Nikaketi palepale kwenye tope,
nikafuta herufi moja,
nikabonyeza tena, hatua mbili kutoka kwake,
na sote wawili tukaisikiliza printa
ikirudia yaleyale, mstari kwa mstari,
hali ya hewa yangu ikiwa bado mdomoni.

Ile ya pili aliikunja mara nne, akaitia mfukoni.
Ya kwanza akanirudishia.
Karatasi za aina ile hufifia.

Siku hizi nikishuka garini nazima printa kwanza.
Kampuni inauliza kwa nini ripoti zangu
huchelewa dakika ishirini, kila mara ishirini.
Nawajibu: mtandao wa huku mashambani,
mnaujua wenyewe.